Milford Sound ama Doubtful Sound, kwa siku moja?

Binti wa Kadutu, Bukavu
Jambo bandugu. Kaka yangu anaishi Dunedin, Nyuzilandi, na mwezi wa kwanza ninaenda kumwona. Atanipeleka Fiordland, kuona Milford Sound ama Doubtful Sound, mikono ya bahari inayoingia kati ya milima, ila tuna siku moja tu ya matembezi. Nimekulia kando ya Kivu, boti si kitu kigeni kwangu. Ninataka kuona milima inayosimama wima kutoka majini. Tuchague wapi? Naogopa mvua.

Yaya wa Himbi, Goma
Mdogo wangu, mvua iombe! Milford hupata zaidi ya milimita 6,000 kwa mwaka, na ikinyesha, maporomoko yanafunguka kila mahali kwenye kuta za mawe. Mimi niliikuta hivyo, nikalowa mpaka soksi, na ningerudi hata leo. Kwa siku moja, Milford. Mulale mji wa Te Anau, mujaze mafuta kule, mutoke alfajiri: ni karibu kilomita 120, munapita Homer Tunnel, iliyotobolewa ndani ya mwamba na kufunguliwa 1954. Doubtful ni kimya zaidi, lakini haifikiki kwa gari lenu: boti kuvuka ziwa Manapouri, basi kupita njia ya mlimani ya Wilmot Pass, halafu boti tena.

Mulushois
Muchukue dawa ya usubi, unauma vibaya. Na kasuku wa milimani, kea, musiwape chakula hata wakiomba.

Binti wa Kadutu
Aksanti yaya. Vyumba Te Anau vinajaa?

Yaya wa Himbi
Mwezi wa kwanza ni kiangazi chao. Mutenge sasa.