Mrejesho: nimeingia klabu ya baiskeli, naanza mbio mwezi ujao

Wakuu, niliwauliza kama mtu aliyezoea kupiga kilomita zake peke yake wikendi hapa Arusha anaweza kujiunga na klabu akashindane. Basi nimejiunga, na yule kaka aliyesema "pumzi unayo, shida yako itakuwa kukaa kwenye kundi" alilenga mulemule.

Kwenda Makuyuni kule baada ya Kisongo upepo unakupiga ubavuni, sasa wenzangu wanajipanga mshazari, kila mtu anajificha kidogo pembeni ya aliye mbele halafu mnapokezana kuvunja upepo, na ukijificha vizuri spidi ikiwa kubwa unaokoa kama theluthi ya nguvu. Ila gurudumu lako liko karibu kabisa na la mwenzio, ukishika breki ghafla mmeanguka wote! Kwa hiyo unajifunza kuonyesha shimo kwa mkono, kupiga kelele, kutotikisika hata lori likipita (malori ya ile barabara mnayajua).

Kitu kingine ni kula. Kocha anataka gramu 60 za wanga kila saa kabla hata njaa haijauma, mi nabeba ndizi na tende, jeli za dukani (zile za wanga za kufyonza ukiwa njiani) bei yake hapana aisee.

Dada uliyeuliza kuhusu baiskeli ya kaboni, sijanunua, nabaki na ya alumini kwanza, hela imeenda kwenye tairi na helmeti. Mwezi ujao naanza mbio za ndani ya klabu, daraja la chini kabisa.