Kisti ya ovari: ekografia inatosha, au tulipie IRM?

Binti Ruashi
Habari zenu. Dada yangu, mwenye miaka 34, amepigwa ekografia (picha ya mawimbi ya sauti) hapa Lubumbashi, ikaonekana kisti, yaani kifuko cha majimaji, ya sentimita 6 kwenye ovari ya kushoto, na ripoti inasema tu kwamba ndani yake "si maji safi". Daktari mmoja anataka tusubiri wiki 8 tupige tena. Mwingine anataka IRM (picha ya sumaku) yenye sindano ya gadolini, dawa ya kung'arisha picha, na bei yake inatutisha. Mngefuata njia ipi?

Mkunga wa Kampemba
Mwanangu, kisti ya maji matupu, yenye ukuta mwembamba na isiyo na kinundu, haidai IRM. Hata iliyovujiwa damu, ambayo huonekana kama utando wa nyuzi, mara nyingi hunywea ndani ya wiki 6 hadi 12. Je, kipimo kilipitia ukeni au juu ya tumbo tu?

Binti Ruashi
Juu ya tumbo tu, mama, tena kibofu kimejaa hadi machozi yakamtoka.

Fundi wa Picha
Basi cha ukeni kitangulie. Kikiacha shaka, hapo ndipo IRM inastahili bei yake. Mafuta na damu ya zamani, vyote viwili hung'aa katika picha za T1, aina mojawapo ya picha za IRM. Mng'ao wa mafuta ukizimwa, kisti ya dermoidi (yenye mafuta) hugeuka nyeusi, ilhali endometrioma (kisti ya damu ya zamani) hubaki nyeupe, na katika T2, aina nyingine ya picha, hufifia kama iliyofunikwa kivuli. Picha za mtawanyo wa maji, ambazo nazo ni za IRM, zisisomwe peke yake, kwa kuwa dermoidi na endometrioma nazo huweza kuwaka humo bila kuwa saratani (nimeona familia ikilia bure kwa sababu hiyo). Gadolini ina kazi hasa penye sehemu ngumu: tunatazama jinsi inavyoipokea dawa tukiilinganisha na misuli ya mji wa mimba, na mng'ao ukipanda polepole, tunapumua. Endometrioma au dermoidi isiyo na sehemu ngumu inayopokea dawa hupewa alama ya 2 katika O-RADS, mizani ya kukadiria hatari ya saratani kwenye uvimbe wa ovari, yaani uwezekano wa saratani uko chini ya asilimia 0.5.

Mama Kamalondo
Mimi nilianzia kwenye skana (CT), nikapata mionzi na ripoti isiyojibu swali, kisha nikalipa IRM vilevile. Msirudie kosa langu.

Mkunga wa Kampemba
Akiwa na mimba au ugonjwa wa figo, aseme kabla ya sindano. Na akishikwa ghafla na maumivu makali ya upande mmoja pamoja na kutapika, mpelekeni kwa daktari wa upasuaji usiku huohuo, kwa sababu ovari yenye kisti kubwa huweza kujisokota, na hiyo haingoji foleni ya IRM.

Binti Ruashi
Asanteni. Jumatatu tunarudia ekografia kwa njia ya ukeni, na picha za kwanza tutakwenda nazo.