Je, Vifaru 148 Vinalitosha Jeshi la Uingereza?

Deraya: Tangu Uingereza itangaze mwaka 2021 kwamba kati ya vifaru vyake 227 vya Challenger 2 ni 148 tu vitakavyoboreshwa kuwa Challenger 3, hesabu hiyo imenikataa. Kikosi kimoja cha vifaru huwa na vifaru 56, hivyo vikosi viwili vinamaliza 112, na vile 36 vinavyobaki ndivyo vya mafunzo, vya matengenezo na vya kufidia vitakavyoteketea. Poland, kwa mwaka 2022 pekee, iliagiza vifaru 250 vya Abrams kutoka Marekani na 180 vya K2 kutoka Korea Kusini. Vifaru 148 ni vya vita ya wiki ngapi?

Msomaji: Ndugu Deraya, Poland imepakana na Belarus na eneo la Urusi la Kaliningrad, ilhali Uingereza imezungukwa na bahari, na kisiwa hulindwa na manowari na ndege. Kwangu mimi hata hivyo 148 ni anasa, hasa kwa jeshi lililoona busara kuweka birika la chai ndani ya kifaru.

Fundi Mitambo: La kisiwa nawaachia wengine, lakini hilo la birika halipiti hivi hivi. Chombo hicho kimekuwamo tangu enzi za kifaru cha Uingereza cha Centurion, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nacho hutumia umeme wa kifaru chenyewe, ili askari wanne waliomo wapashe chakula cha pakiti na kupata maji ya moto bila kutoka nje. Kabla ya hapo walikuwa wakishuka kuwasha moto kando ya kifaru, mahali ambapo deraya haiwakingi. Anayecheka labda hajui kwamba kifaru huvizia saa nyingi kuliko kinavyopiga.

Msomaji: Mheshimiwa, sijawanyima askari chai. Nimeona tu kwamba hoja ya kisiwa umeiruka ukakimbilia jikoni.

Mama Hoja: Mkishamaliza kunywa, kumbukeni kwamba Januari 2023 Uingereza iliahidi kuipa Ukraine vifaru 14, kwa hiyo hata hizo 148 ni za kwenye karatasi.

Deraya: Hapana, dada yangu. Hivyo 14 vimetoka katika zile 227, na mpango wa 148 haukuguswa. Kilichopungua ni akiba ya vipuri, kwani kifaru kisichoboreshwa ndicho huchinjwa ili vingine vitembee.

Msomaji: Na kimoja kati ya hivyo 14 kiliteketea karibu na kijiji cha Robotyne, Ukraine, mwaka 2023. Droni za bei nafuu zimekwisha kuamua mjadala huu.

Fundi Mitambo: Mbona Ukraine yenyewe, inayozijua droni kuliko sisi sote, haijaacha kuomba vifaru? Challenger 2 ina udhaifu mwingine mkubwa zaidi: mtutu wake una mifuo ndani, yaani si laini, kwa hiyo haiwezi kuazima makombora ya kifaru cha Kijerumani cha Leopard 2 wala ya Abrams vita vikipamba moto. Challenger 3 imepewa mtutu laini wa milimita 120 kama wa wenzake. Ndugu Deraya angeuliza kwanza ghala lina makombora mangapi, kisha ndipo ahesabu vifaru.

Mama Hoja: Hilo la makombora lianzishiwe mjadala wake, maana hapa Msomaji bado hajamwomba radhi mwenye birika.