Kurekodi injini za boti Kibirizi na kuzichezea ngoma: hiyo nayo ni kazi ya kukopeshwa?

MWANGA: Wakuu, kuna kikundi cha vijana hapa mjini Kigoma wameomba ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengwa kwa vijana. Mmoja wao ni mtunzi, ila utunzi wake sasa, alfajiri yuko Kibirizi na maiki anarekodi injini za boti na mabeseni ya dagaa yanavyoburuzwa, akirudi ghetto anazikatakata kwenye kompyuta, zingine anazigeuza zinalia kinyumenyume, wenzake wanazicheza jukwaani. Huko vijijini nako anarekodi wazee wapiga ngoma. Siku zingine anaweka milio kwenye filamu za hapahapa, nyayo, mvua, mlango. Wazee wanasema bora wapewe wa bodaboda. Mnaonaje?

UJIJI: Wasipewe. Hizo kelele za wazungu. Halafu boda akishindwa kulipa pikipiki inakamatwa, huyu mtamkamata nini, mwangwi?

KATUBUKA: Hahaha mkuu, ila za wazungu kivipi? 1944 Mmisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya redio pale Cairo, ile ya kurekodi kwenye waya, akaenda kuwarekodi kina mama kwenye zaar, ambayo ni ngoma ya kupunga kama hizi zetu tu, kisha akaichezea ile sauti mpaka maneno yakapotea ikabaki inavuma. Mfaransa Pierre Schaeffer kaja na milio yake ya treni 1948, na sisi mwisho wa reli tunaona ajabu! Huyo Halim 1958 akamtungia Martha Graham, yule mcheza dansi wa Marekani, muziki wa Clytemnestra kule New York, onyesho zima la dansi. Kwahiyo mtunzi kuzunguka kwenye majaribio, dansi na filamu sio kutangatanga, hela ya filamu ndo itarudisha mkopo maana jukwaani hapa kiingilio chenyewe watu wanaruka ukuta.

Mi ninachouliza, wale wazee wapiga ngoma anaowarekodi huko vijijini wanapata nini? Maana sauti ikishaingia kwenye filamu imeshauzwa hiyo.

MWANGA: Nimemuuliza jana. Kasema aliwapa ya soda.

UJIJI: Si ndo hapo!

KATUBUKA: Hapo nakuunga mkono mzee wa Ujiji. Wapewe mkopo, ila kwenye andiko lao la mradi malipo ya wapiga ngoma yaandikwe na wazee wenyewe wasaini, bila hivyo hata mi nasema apewe boda.