Naomba ushauri: programu yangu ina wajaribu, ila hawasemi ukweli

Habari zenu wakuu. Nimetengeneza programu ndogo ya simu ya kuandikia madeni: nani kakopa, kiasi gani, atalipa lini. Sikutaka kuimwaga kwa watu wote siku moja, kwa hiyo nimeiweka Google Play kwenye majaribio ya watu wachache. Akaunti yangu ni ya binafsi na mpya, na sharti lao ni wajaribu 12 wakae ndani ya majaribio siku 14 mfululizo kabla sijaomba kuitoa hadharani.

Watu ninao, tena 15. Shida ni kwamba wote ni ndugu na marafiki, nikiwauliza wananijibu "iko poa sana". Juzi nilikaa pembeni ya shemeji yangu akiitumia. Alibonyeza "Hifadhi" mara tatu kwa sababu hakuona dalili yoyote kwamba imehifadhi, na deni moja likaingia mara tatu. Akanyamaza, eti asinivunje moyo! Hilo nimerekebisha. Nimeongeza na kitufe cha maoni. Wiki nzima kimebonyezwa na mtu mmoja, naye alinisalimia tu.

Naombeni mnisaidie mawili. Mliwapataje wajaribu msiofahamiana nao, wanaosema ukweli? Na kwa kuwa kutoa kwa asilimia (yaani kuifikisha kwanza kwa sehemu ndogo ya watumiaji) kunawezekana kwenye masasisho tu, si toleo la kwanza, je, nianze na nchi moja kwanza au nibaki na kundi hili hadi makosa yaishe?