Sato wazazi: mayai yanakuwa meupe, niongeze mafuta ya samaki wa baharini?

Vifaranga_Igombe
Wakuu, naombeni msaada. Sato wazazi wako kwenye vyandarua bwawani, dume 1 kwa majike 3, majike wa gramu 200 hadi 300. Chakula ni dagaa wa kusaga, pumba za mahindi na mashudu ya pamba, protini kama asilimia 35. Wanataga, ila mayai mengi yanageuka meupe, yaani yanakufa, siku ya pili kwenye chupa za kuangulia. Ya majike waliovuliwa ziwani yanaangua vizuri. Nimeshauriwa nitafute mafuta ya ini la chewa. Sahihi?

MtuWaMabwawa
Hapana mkuu, huo ni ushauri wa samaki wa baharini. Wengi wao hawawezi kujitengenezea DHA, aina ya mafuta ya omega-3, lazima waipate kwenye chakula. Sato anaweza kuitengeneza kutoka kwenye mafuta ya mimea. Anachokidai hasa ni omega-6, yaani asidi linoleiki, kati ya asilimia 0.5 na 1 ya chakula chote. Jike huigeuza kuwa asidi arakidoniki, na humo ndimo zinatoka prostaglandini, kemikali za mwili zinazofanya kazi kama homoni, zinazoongoza utagaji. Ufilipino walishalinganisha: waliopewa mafuta ya ini la chewa walinenepa kuliko wenzao, lakini kwa uzazi waliopewa ya soya ndio waliotia fora. Jike mnene si lazima awe mzazi mzuri.

Kwa kilo 10 za chakula weka gramu 100 hadi 150 za mafuta ya soya au alizeti. Nusu au zaidi ya mafuta hayo ni linoleiki. Mawese achana nayo, yana linoleiki kidogo, kama asilimia 10 tu. Nyunyizia baada ya kusaga, changanya, lisha ndani ya wiki 2.

Dagaa_Mwaloni
Mafuta sawa, ila dagaa wenyewe wakoje? Waliolala mchangani siku 3 na mvua ikawapitia, mafuta yao yameshaoza. Mafuta yaliyooza huila vitamini E, na kiini cha yai ndicho kinachokosa. Wakiwa wa njano-kahawia na wanawasha kooni, bora utupe kabisa. Nunua waliokaushwa kwenye chanja, saga wa kutosha wiki moja tu, na ongeza vitamini E miligramu 100 kwa kilo ya chakula. Pumba za mpunga nazo huchacha upesi kuliko za mahindi, usiziweke akiba.

MtuWaMabwawa
Kweli kabisa. Na mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu inayogusa uzazi wa dume na jike. Weka ya alizeti. Sato wa ziwani siku hizi anakula wadudu, uduvi hata samaki wadogo, mafuta mabichi ya kila aina. Wako anategemea gunia moja.

Vifaranga_Igombe
Nimewaelewa. Nikibadili leo, nitegemee matokeo lini?

Dagaa_Mwaloni
Mayai yaliyomo tumboni sasa hivi yamejengwa na chakula cha zamani. Usihukumu kabla ya wiki 6 hadi 8. Wakati huo badilisha madume kwenye chandarua kimoja bila kugusa chakula chake. Kikianza kuangua vizuri, shida ilikuwa mbegu ya dume, wala si mafuta.