Wanakusini tupeane uzoefu: kifaa gani kwenye mfuko wako kimekutoa kimasomaso, na kipi kilikuumbua?

MwanaShangani (Mtwara mjini)

Wakuu, salaam kwenu nyote, kuanzia Kilwa mpaka Nanyumbu.

Jumamosi usiku koki ya jikoni kwangu iliamua kuwa mto Ruvuma. Nikafunga maji nje, nikaenda kwa madaha kuchukua mfuko wangu wa vifaa. Niliununua mwaka jana, pamoja na vyote vilivyomo, tulipohamia huku Shangani. Mama watoto kanishikia tochi, anasubiri kumwona fundi wake.

Kufungua, spana malaya imeshika kutu, kile kigurudumu cha kurekebishia hakizunguki. Plaizi imegandana, haifunguki hata kwa mikono miwili. Bisibisi ya nyota niliyoitumia labda mara 5, ncha imeviringika kama penseli ya mtoto wa chekechea. Na mfuko wenyewe haujawahi kunyeshewa mvua hata siku moja, ulikuwa stoo, juu ya rafu.

Nikaenda kubisha kwa jirani, mzee mmoja mstaafu. Shikamoo mzee, marahaba, naomba spana. Akanitolea spana nyeusi tii, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu. Anayo tangu mimi sijazaliwa. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe vifaa vyako huwa unaviosha?" Nikacheka nikijua ananitania. Hakucheka.

Sasa naomba kila mtu aseme kilichompata yeye mwenyewe. Unachaguaje, unatunzaje. Habari za kusikia kwa watu tuziache.

Mchungulia

Nimekaa hapa na kahawa na kashata. Mimi nyundo yangu ni jiwe na haijawahi kushika kutu.

Tezo (Mikindani)

Mzee wako hakutanii. Mimi nimelelewa na mjomba anayeunda mashua, na jambo la kwanza alilonifundisha kabla hata sijashika randa ni kuosha. Jioni vyombo vyote, tezo, patasi, misumeno, kekee, vinafutwa kwa kitambaa chenye maji baridi ya kisima, yaani yasiyo na chumvi. Vinakaushwa juani dakika chache, halafu ndiyo vinapakwa mafuta.

Sababu ni chumvi. Upepo wa huku unabeba chumvi, na jasho la mkono wako nalo ni chumvi. Chumvi ikikaa juu ya chuma inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata stoo kavu haikusaidii. Ukipaka mafuta juu yake umeifunika tu, inaendelea kula chuma huku wewe unadhani umetunza. Nilibishia hilo nikiwa na miaka 16. Nikaipaka patasi ya mjomba grisi nzito bila kuifuta, nikaiweka wiki 2. Kuitoa, chini ya grisi kuna vidoadoa vyekundu kama surua. Nilinoa siku nzima kwenye kinoo mpaka ule uso wa bapa ukarudi, na mjomba hakunisaidia hata kumwagia maji.

Jingine: huo mfuko wako wa turubai ukishalowa maji chumvi mara moja basi, umegeuka sponji. Sisi tunatumia sanduku la mbao. Randa usiilaze kifudifudi, ilaze ubavu, makali yasiguse kitu.

Bi Mtanda (Lindi)

Nashukuru kaka Tezo, maana mimi nilifika kwenye mafuta nikaanguka hapohapo.

Kwangu sanduku la vifaa ni langu, baba watoto hajui hata nyundo iko wapi. Mwaka mmoja msimu wa ufuta ulikuwa mzuri, tumekamua wenyewe, nyumba nzima inanukia. Nikasema kwa nini ninunue mafuta ya mashine wakati mafuta yamejaa ndoo? Nikapaka mkasi wa bati, plaizi, spana zote, kila kitu ufuta. Ukimwona mtu anajisifu kwa kubana matumizi alikuwa mimi.

Miezi 3 baadaye plaizi inafunguka kama mlango wenye asali. Yale mafuta yamekuwa gundi ya kahawia, yamekamata vumbi, na mende wamepita humo. Nikaja kuambiwa na fundi cherehani kwamba mafuta ya ufuta yakikaa hewani kwa tabaka jembamba yanaganda taratibu, ndiyo maana cherehani hawawekei. Nilisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani jioni mbili. Tangu hapo natumia mafuta ya cherehani, kichupa kidogo kinanimalizia mwaka. Tone moja kwenye maungio, fungua-funga mara kumi, futa yanayozidi.

Ya nazi sijajaribu. Kuna mtu?

Kipanga wa Newala

Dada, nazi mimi nimejaribu. Haifanyi gundi haraka kama ufuta, ila ukiwa huku juu uwandani kwetu, Juni na Julai asubuhi imeganda nyeupe kama mafuta ya kujipaka. Spana inateleza mkononi kama sabuni. Halafu panya wanaipenda.

Langu la aibu ni jingine. Mpini wa jembe ulikuwa unaliwa na mchwa. Nikakumbuka mafuta ya maganda ya korosho, mchwa hawayagusi. Nikapaka mpini mzima, mabichi, kwa brashi, nikauacha ukauke siku moja, nikaenda shamba. Hadi saa nne viganja vimewaka, jioni malengelenge, ngozi ikabanduka kama ya mbanguaji mgeni. Nimezaliwa kwenye mikorosho, bibi yangu amebangua korosho maisha yake yote akijipaka majivu mikononi, na mimi bado nikafanya hivyo! Mchwa kweli hawakurudi. Na mimi jembe lile sikulishika tena.

Mpini siku hizi nachonga wa mpera au mkole, basi. Na msitumbukize nyundo kwenye ndoo ya maji ili mpini uvimbe ubane. Inabana leo, kesho mbao ikikauka inanywea kuliko mwanzo, kichwa kinaruka. Gonga kabari.

Volti230 (Ligula)

Mimi ni fundi umeme, naomba niseme la plaizi kwa sababu watu watakufa.

Mikono ya mpira mwekundu haimaanishi kinga. Nilikuwa mwanagenzi, juu ya ngazi, plaizi nimenunua mnadani, mpira mzuri, mnene. Jasho likaingia, ule mpira ukateleza kwenda mbele kama soksi iliyolegea, kidole cha shahada kikagusa chuma. Nilijikuta chini, sikumbuki kushuka. Kilichoniokoa ni kwamba mkono wa pili haukuwa umeshika kitu.

Ya kweli imeandikwa 1000V na ina alama ya pembetatu mbili zilizopishana. Mpira wake umeshikana na chuma, haucheziki, na mbele una ukingo wa kuzuia vidole. Ukipasuka au kukatika, hiyo sasa ni plaizi ya kukunjia waya wa banda la kuku. Na testa, kabla hujaiamini inapokwambia hakuna umeme, iguse kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme. Testa iliyokufa nayo haiwaki.

MwanaShangani, bisibisi yako pengine haina kosa. Skrubu za nyota ziko aina mbili zinazofanana. Nyingine kati ya mikono ya msalaba zina vimistari vinne vyembamba, hizo zinataka bisibisi iliyoandikwa PZ. Ile ya kawaida ni PH. Ukilazimisha PH kwenye PZ inapanda juu na kuteleza, mwishowe skrubu na ncha vyote vimeviringika. Kabati nyingi za kuunganisha mwenyewe zinakuja na PZ. Nunua namba 2 ya kila moja, kazi nyingi za nyumbani ziko hapo.

Mchungulia

Kwa hiyo lile kabati langu… ngoja nikaangalie.

Kinoo (Masasi)

Nimesoma yote. Naona mnazungumzia kutunza, ila chuma kibovu hata ukikiogesha kwa marashi ni kibovu.

Baba yangu alikuwa mhunzi. Fuawe lake lilikuwa kipande cha reli, ile reli ya mradi wa karanga wa Waingereza iliyokuwa inakwenda Nachingwea, iliyong'olewa miaka ya 1960. Akiletewa kifaa hakuuliza kimetoka nchi gani. Alichukua tupa, akaipitisha kwenye kona moja, mara moja tu. Tupa ikiuma na kutoa unga kama inasugua mbao, hicho ni chuma laini. Ikiteleza na kulia, kimekomazwa. Dukani hawatakuruhusu kufanya hivyo, najua. Lakini ukishanunua patasi moja, jaribu nyuma karibu na mpini na karibu na makali. Utajua kama urudi kwenye duka lile.

Tindo nzuri kuliko zote nilizowahi kushika alizitengeneza kwa springi za lori. Chuma kinapashwa mpaka sumaku haikishiki tena, ncha inazamishwa kwenye oili. Hapo kimekuwa kigumu mno, kigumu kama chupa. Ndiyo maana kuna hatua ya pili: unaing'arisha ncha kwa msasa, unaipasha tena polepole, unatazama rangi zinavyotembea. Manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Tindo unaikatisha kwenye zambarau.

Nikiwa na miaka 14 baba amesafiri, nikatengeneza yangu. Hatua ya kwanza niliifanya vizuri sana. Ya pili niliona inachelewesha. Pigo la kwanza kwenye zege, kipande kikaruka, kikanikata chini ya jicho. Kovu lipo. Baba aliporudi hakunichapa, akaokota kile kipande akakitundika ukutani kwa uzi, juu ya mivukuto. Kilikaa pale mpaka amefariki.

Kwa hiyo mkiona kichwa cha tindo kimechanua kama uyoga, kisageni. Zile kingo ndizo zinazoruka. Na nyundo kwa nyundo msigonge.

Kwa spana, maandishi ya Chrome Vanadium yawe yamegongwa ndani ya chuma, ya stika hayana maana. Hata ya kugongwa yanaigizwa, kwa hiyo shika taya ile inayotembea uitikise. Ikicheza, rudisha. Mimi ningenunua spana 3 nzuri, 10, 13 na 17, kuliko seti ya vipande 40 kwenye sanduku linalong'aa. Zile 37 utazitumia lini?

Mgeni kidogo

Shikamoo wakubwa. Msumeno wangu wa kukatia chuma unang'oka meno kila nikikata bomba jembamba la kiti. Napunguza nguvu lakini wapi.

Kinoo (Masasi)

Marahaba. Utakuwa umeweka meno 18. Yahesabu kwa inchi, kwa bomba jembamba tafuta 32. Angalau meno matatu yawe yanagusa unene wa chuma kwa wakati mmoja, jino likiwa peke yake linanasa na kung'oka. Na meno yatazame mbele, unakata ukisukuma.

FundiWaKwangu (Kilwa Masoko)

Mimi nawachekesha kidogo. Futi kamba yangu mpya ile ndoano ya mwisho ilikuwa inacheza, mbele na nyuma kidogo. Nikasema hii feki. Nikaiweka juu ya jiwe nikaigonga ribiti zake mpaka ikatulia kabisa. Fundi hodari.

Nikapima madirisha 4 ya nyavu za mbu. Kila fremu haiingii, inagoma kwa unene wa ukucha. Nikamlaumu muuza mbao, nikalaumu ukuta. Nikaazima futi ya jirani, nayo ndoano inacheza! Ndipo akanielewesha: inacheza kwa kiasi cha unene wake wenyewe. Ukiivuta kutoka nje ya ubao inatoka, ukiisukuma ndani ya kona inarudi, vipimo vyote viwili vinakuwa sawa. Nilikuwa nimeua futi nzima kwa mikono yangu, na jirani alisimulia msibani, kwenye jamvi.

Ila vifaa hivyohivyo vilinitoa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya, barabara ilikatika kule Somanga, magari ya Dar hayaji. Bati 3 zimeng'oka kwangu, misumari madukani ikaadimika. Nikakaa nainyoosha ya zamani mmoja mmoja kwa nyundo ya kilo nusu, juu ya tofali. Niliazimisha ile nyundo nyumba 5 mtaani. Ilirudi na mpini ule ule.

MwanaShangani (Mtwara mjini)

Nimerudi na matokeo.

Plaizi na spana malaya nilizitumbukiza kwenye siki usiku kucha. Asubuhi kutu imelainika kama tope, nikasugua kwa brashi ya waya, nikasuuza kwa maji yenye magadi kuua ile siki, maji baridi tena, juani, halafu mafuta ya cherehani kama dada Bi Mtanda alivyosema. Plaizi inafunguka kwa kidole kimoja. Imebaki na makovu lakini inafanya kazi. Ya umeme nitanunua ile ya pembetatu mbili.

Spana malaya nilipoitikisa taya kama Kinoo alivyoelekeza, inacheza kama jino la bibi. Hiyo kwaheri. Bisibisi nimeitazama kwa kioo cha kukuzia: PH. Skrubu za kabati: vimistari vinne. Volti230, naona ulikuwepo jikoni kwangu.

Spana ya mzee nimemrudishia leo. Niliiosha kwanza, nikaikausha, nikaipaka mafuta, nikaiviringisha kwenye kanga yake. Aliifungua palepale mlangoni, akaipitisha kidole, akainusa. Akasema: "Ufuta?" Nikamwambia hapana mzee, cherehani. Akaingia nayo ndani bila neno jingine, akatoka na ufunguo wa bomba, mkubwa, mzito, akaniambia nikibadilisha mpira wa koki nikazie na huu.

Koki bado inadondosha. Mpira niliouweka ni wa nusu inchi, yangu inataka robo tatu. Kesho Chikongola, kabla jua halijawa kali.

Mchungulia

Kabati langu lote ni PZ. Nisaidieni namna ya kung'oa skrubu 11 zilizoviringika.